Mkono Wenye Macho Hauhitaji Chanjo

Chumba cha Kufulia,
Nyuma ya Jiko, karibu na tangi la maji.

Kwa Mganga Mkuu,
Hospitali hii hii,
Jengo la Mbele, ghorofa ya juu.

Mheshimiwa Daktari,

KUH: MALALAMIKO JUU YA CHANJO YA HOMA YA INI, NA JUU YA MUUGUZI ANAYEILETA, AMBAYE KWA BAHATI MBAYA NI MKWE WANGU

Salamu nyingi zikufikie huko ghorofani kwenye feni. Sisi huku chini hatujambo, ukiacha joto, mvuke, na mambo nitakayoyaeleza kwa utaratibu. Mimi ni mkuu wa chumba cha kufulia. Huenda hunifahamu kwa sura, lakini koti lako jeupe nalifahamu vizuri, pamoja na lile doa la wino kwenye mfuko wa kushoto ambalo limenisumbua tangu ulipohamia hapa. Sikulaumu. Natanguliza tu kwamba mimi na wewe si wageni.

Naandika kwa heshima zote, tena saa za kazi, ili ujue uzito wa jambo lenyewe. Nimeweka namba usije ukapotea njiani.

1. Kwanza ni neno "hatari". Mwaka jana lilibandikwa tangazo kwenye ubao ulio karibu na dirisha la dawa, kwamba watumishi walio katika hatari ya kuambukizwa homa ya ini aina ya B wafike kuchanjwa. Nililisoma kwa utulivu, kama mtu asomaye habari za jirani. Madaktari, sawa. Wauguzi, sawa. Wakunga, sawa. Watu wa maabara, hao hata mimi nawaonea huruma. Wazoa taka. Kisha, mstari wa mwisho kabisa, chini ya wazoa taka: "na wafua nguo".

Daktari, nimefanya kazi katika chumba hiki tangu mashine ya kwanza ilipokuwa mpya, na sasa mashine hiyo imekufa, tunawekea sabuni juu yake. Katika muda wote huo sijawahi kuchomwa na sindano iliyosahauliwa kwenye mashuka, ukiacha zile mara nilizochomwa. Na hizo hazihesabiki, kwa kuwa nilinyonya kidole, nikaendelea na kazi, na mpaka leo nadunda. Hatari ni nyaya zilizo wazi pale kwenye soketi. Hatari ni ngazi ya nyuma ikilowa. Tangu tangazo lile, wapishi hunisogezea kikombe cha chai kwa ncha za vidole, na mmoja alinipa pole. Nimevumilia mwaka mzima, lakini mvumilivu naye ni mtu.

2. Pili ni ujuzi wangu, ambao umedharauliwa.

Pengine hujui jinsi mashuka yanavyopokelewa hapa, na si kosa lako, maana kutoka ghorofani unaonekana mvuke tu. Mkokoteni ukifika kutoka wodini, furushi hufunguliwa juu ya meza ya saruji, na kabla shuka halijaingia kwenye mashine ni lazima lipapaswe. Kupapasa ndiyo kazi yenyewe. Kufua hata mashine inafua. Unapitisha viganja polepole kutoka pindo hadi pindo, na unasikiliza kwa ngozi. Ndani ya mashuka watu husahau nusu ya maisha yao: meno ya bandia, saa, pete ya ndoa, kijiko, mkasi wa bandeji, na mara moja redio ndogo ambayo ilikuwa bado inasoma taarifa ya habari. Vyote hivyo nimevipanga kwenye ukingo wa dirisha, vinawangoja wenyewe. Sindano sizipangi. Sindano nazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo hilo limeshajaa mara kadhaa.

Kazi hii haifanywi kwa glavu. Mtu anayepapasa kwa glavu ni sawa na mtu anayeonja mchuzi akiwa na mafua. Mimi hupapasa kwa mikono mitupu, kama nilivyofundishwa na aliyenitangulia, na kila mtu humu ndani anajua kwamba mikono yangu ina macho. Nilipomweleza muuguzi jambo hili alisema, "Baba, mkono hauna macho." Alisema hivyo tu, mbele ya watu, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Niongeze kwamba sijawahi kuzilalamikia wodi zinazoacha sindano kwenye mashuka. Kila mtu na riziki yake. Wodi zote zikianza kutumia vile visanduku vya manjano vya kutupia sindano, mimi nitabaki kuwa mtu wa kubonyeza kitufe cha mashine, na hicho hata mjukuu wangu anaweza kukibonyeza.

3. Tatu ni ukwe.

Muuguzi wa chanjo ni mke wa mwanangu wa kwanza. Nyumbani ni binti mwema sana, sina la kusema. Ananiita Baba, hakai kabla sijakaa, na akiniletea maji ya kunawa hushika kitambaa kwa mikono miwili. Akivaa sare anageuka askari. Anakuja na kisanduku chake cha barafu begani, anasimama mlangoni pa chumba changu, anauliza kwa sauti ya upole inayofika mpaka jikoni: "Baba, leo je?" Amekuwa akiuliza hivyo tangu mwaka jana. Wapishi wamelidaka neno lenyewe. Nikienda kuchukua chai, wao wananiuliza: leo je?

Sasa nifikirie mimi, Daktari. Shati la sare yetu lina mikono mirefu, myembamba, ambayo haikunjiki kupita kiwiko. Ili bega lionekane, shati sharti livuliwe. Ndani ya shati kuna fulana. Kwenye fulana, chini ya kwapa, kuna tundu ambalo mama watoto ameahidi kulishona tangu mvua za mwaka juzi. Mkwe aone tundu la fulana ya baba mkwe wake, kisha Jumapili aje kunipakulia chakula, tutatazamana vipi?

Yeye, kwa kuwa ana jibu la kila kitu, alipendekeza amtume mwenzake wa kiume. Nikakataa. Huyo mwenzake anapanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwangu, na habari ya fulana ingefika mtaani kabla yangu.

4. Nne ni mantiki.

Nimeelezwa kwamba nachanjwa ili siku nikichomwa sindano nisidhurike. Yaani ili sindano isinidhuru, nichomwe sindano. Tena si moja bali tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu nusu mwaka ukishapita. Hao wanaosahau sindano kwenye mashuka hawajawahi kunichoma kwa ratiba, Daktari. Wao hunichoma kwa bahati mbaya, na wakijua husikitika. Huyu anachoma kwa makusudi, anatabasamu, na anakupa tarehe ya kurudi.

Niliitoa hoja hii nyumbani, Jumapili, baada ya chakula. Mkwe akanijibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia chumba cha kufulia kina kuta nne na zote nilizikuta zimesimama. Mwanangu akatazama chini, maana anatuogopa wote wawili. Mama watoto, aliyekuwa anatoa vyombo, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Neno hilo nimelitafakari usiku na mchana. Masikio yangu ni mazima, na nisingependa yahusishwe na kifo ndani ya nyumba ninayoilipia kodi.

Wakati huo huo kuna karani wa mafaili, jirani yetu kwa upande wa stoo, ambaye hagusi kitu chochote chenye unyevu isipokuwa chai yake. Yeye analia kwamba hakutajwa kwenye tangazo. Ameuliza kwa nini maisha yake hayana hatari. Mimi nimejitolea kumwachia nafasi yangu, kwa roho safi, sindano zote tatu. Mkwe amekataa, akasema karani naye zamu yake itafika. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hanichanji kwa ajili ya afya, ananiwinda.

5. Tano ni kirusi mwenyewe.

Naambiwa haonekani kwa macho. Naambiwa anaweza kukaa ndani ya tone la damu lililokauka, juu ya shuka au meza, kwa wiki nzima, akiwa mzima na mwenye nguvu zake. Mgonjwa wa kawaida halali wiki nzima hapa bila kuandikishwa mapokezi, sasa huyu aliandikishwa na nani? Napendekeza kibandikwe kibao mlangoni petu, chenye muhuri wa ofisi yako: HAKUNA RUHUSA KUINGIA ISIPOKUWA KWA SHUGHULI MAALUMU. Kibao kama hicho kimewazuia wauza mitumba, ambao ni watu wasiozuilika. Sioni kwa nini kishindwe na kitu ambacho hata miguu hakina.

6. Sita ni marehemu, na hapa naandika kwa uchungu.

Aliyenitangulia katika kiti hiki tulimwita Mzee Sabuni. Ndiye aliyenishika viganja siku yangu ya kwanza, akavipitisha juu ya shuka lililoficha mkasi, akaniambia nisitazame, nisikilize. Alikuwa mtu wa kucheka, na akicheka mashine zilikuwa hazisikiki. Mwaka wake wa mwisho alianza kuchoka, akaacha kula, macho yakageuka manjano, tumbo likajaa maji na miguu ikabaki vijiti. Tulisema ni mvuke. Tulisema ni sabuni. Tulisema ni uzee, ingawa alikuwa hajafikia umri nilio nao mimi leo. Alilazwa hapa hapa, wodi ya wanaume, na mashuka yake nilikuwa nikiyapapasa mwenyewe, nikiyafua peke yake, nikimpelekea kitandani yakiwa bado na joto la pasi kwa kuwa alikuwa akisikia baridi. Nilimpenda mzee yule kuliko ndugu zangu kadhaa.

Basi wiki hii mkwe wangu alisimama mbele ya wenzangu akasema kwamba kwa dalili tulizomsimulia, Mzee Sabuni aliuawa na ini, na kwamba ini huharibiwa hivyo na ugonjwa huu huu, na kwamba huenda ulimwingia kupitia viganja. Alisema kwa upole, nakiri. Lakini Daktari, ikiwa hivyo ndivyo, basi mzee yule alinifundisha kufa, na mimi nimekuwa nikiwafundisha wenzangu. Siwezi kulikubali jambo hilo, na sidhani kama kuna waraka wa serikali unaoweza kunilazimisha.

(Uniwie radhi kwa alama ya maji hapo juu. Ni mvuke, humu ndani unadondoka kutoka darini.)

Mkokoteni wa chumba cha upasuaji umefika sasa hivi na mafurushi yamejazana mlangoni. Mama Pasi, mwenzangu wa upande wa kunyoosha, amekuja kuniuliza kama niko tayari kupapasa. Nimemwambia angoje, niko katikati ya jambo kubwa linalotuhusu sote.

7. Saba ni nidhamu, ambayo huyu muuguzi anataka kuivunja.

Humu ndani tuko mimi, Mama Pasi, na waanikaji wawili ambao hawasemi mpaka waulizwe. Siku ya kwanza ya chanjo, mwaka jana, Mama Pasi alikuwa wa kwanza kuitika. Ni mjane, ana mabinti wawili wanaomtegemea kwa kila kitu, na ni mtu asiyependa kubishana. Alikuwa ameshaketi kwenye kiti, bega limeshapanguswa kwa pamba, sindano imeshavutwa dawa. Kisha akageuka, akanitazama. Nilikunja uso kidogo tu, kama mtu aliyeona doa ambalo halijatoka. Mama Pasi akainuka, akateremsha mkono wa gauni lake, akasema atangoja mkuu achanjwe kwanza. Waanikaji wakasema na wao vivyo hivyo, na hilo ndilo neno refu zaidi walilowahi kusema mbele ya mgeni.

Mimi naliita jambo hili heshima ya kazi. Mkwe wangu analiita kwa jina jingine ambalo siwezi kuliandika katika barua ya ofisi. Mwaka mzima amekuwa akinibembeleza kwamba nikikubali mimi wote watakubali, na kwamba nikikataa nakataa kwa ajili ya watu wanne. Ninamwambia hiyo ndiyo maana ya kuwa mkuu. Wewe ni kiongozi, Daktari, unaelewa. Bendera hufuata upepo, na humu ndani upepo ni mimi.

8. Nane ni maombi. Kwa kuwa sitaki kuonekana mtu wa kulalamika bila kuleta suluhisho, naomba yafuatayo. Ukishindwa la juu, teremka la chini yake.

(a) Muuguzi wa chanjo ahamishiwe mbali, ikiwezekana kwa watoto wachanga. Wao hawana mashati ya vifungo na bado hawajajifunza kubisha.

(b) Hilo likishindikana, chanjo yangu achomwe mama watoto kwa niaba yangu. Siku ya ndoa tuliambiwa sisi ni mwili mmoja, na kusema kweli yeye ndiye anayeitaka.

(c) Hilo nalo likishindikana, itafutwe chanjo ya kuwazuia wagonjwa wasitoke damu. Ukilitazama jambo hili bila ushabiki utaona kwamba hapo ndipo tatizo lote linapoanzia.

(d) Yote yakishindikana, nipewe Cheti cha Mikono, chenye picha ya viganja vyangu na sahihi yako, kinachothibitisha kwamba mwenye mikono hii anaona, na kwamba ugonjwa wowote unaotaka kupita hapo uombe ruhusa kwa maandishi. Cheti nitakitundika ukutani juu ya meza ya saruji, mahali ambapo kirusi akifika atakiona.

Ninavyoandika haya namsikia Mama Pasi ameanza kufungua mafurushi bila mimi, maana watu wa upasuaji wanayataka mashuka yao kabla ya adhuhuri na wameshapiga simu. Nimechungulia. Amevua glavu, ameziweka juu ya ile mashine iliyokufa, na anapitisha viganja kutoka pindo hadi pindo, amefumba macho, kama nilivyomwelekeza. Anakwenda polepole vizuri. Hakika mwanafunzi mwema ni fahari ya mwalimu wake, na ningependa ungekuwapo uone jinsi chumba hiki kinavyojiendesha chenyewe hata mkuu akiwa na shughuli za maandishi.

Nisikuchoshe zaidi, najua una wagonjwa. Nisalimie mkeo, ambaye mapazia yake tuliyafua kwa heshima ingawa hayakuwa ya hospitali. Msalimie katibu wako, mlinzi wa lango, watu wa maabara, karani wa mafaili ukimkuta katika hali ya kupokea salamu, na wapishi pia, pamoja na yote. Na mkwe wangu, ukikutana naye kabla yangu, umwambie kwamba mambo ya ofisi ni ya ofisi. Jumapili tunamngoja kama kawaida, na asimsahau mjukuu.

Wako mtiifu katika mvuke na sabuni,
mwenye mikono isiyohitaji msaada,

Mkuu wa Chumba cha Kufulia.

Nyongeza:

Uniwie radhi kwa mwandiko wa sehemu hii kwenda upande. Mkono wa kulia unaniuma.

Nilikuwa sijakunja karatasi niliposikia Mama Pasi akisema "ah". Hakusema kwa nguvu, ilikuwa kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Nilipofika alikuwa ameshika kidole chake, na juu ya shuka ilikuwapo sindano nene, yenye damu nyeusi iliyokauka ndani yake. Hakulia. Alinitazama kwa aibu, Daktari, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa, akasema: "Samahani, mkuu. Yangu bado haijaota macho."

Neno hilo limenikaa kifuani na sidhani kama litatoka.

Nilimvuta mpaka bombani nikamwosha kidole kwa maji mengi na sabuni, bila kukiminya wala kukinyonya, kama mkwe alivyoeleza siku moja nilipomgeuzia mgongo. Kumbe nilikuwa nasikiliza. Kisha nikakimbia. Nilipita jikoni nakimbia, na wapishi wote wakaniona, na hakuna aliyeniuliza leo je. Nilimkuta mkwe wangu kwenye korido ya wajawazito nikamwita kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, jambo ambalo sijalifanya tangu aolewe. Alikuja hapo hapo, kisanduku begani.

Mama Pasi amechukuliwa damu. Amechomwa chanjo ya kwanza papo hapo, na amepewa vidonge vya kumeza mwezi mzima kwa ajili ya lile gonjwa jingine linalopita njia hiyo hiyo. Wanasema amewahi, na kuwahi ni jambo kubwa. Wanasema pia kwamba majibu ya mwisho yatachukua miezi. Miezi hiyo atakwenda nayo nyumbani kwa mabinti zake kila jioni. Kama angebaki kwenye kile kiti mwaka jana, angekuwa ameshamaliza zote tatu, na kwa upande wa ini leo angeosha kidole akarudi kwenye pasi yake. Aliinuka kwa sababu mimi nilikunja uso.

Nilitoka nje nikaitazama mikono yangu kwenye mwanga. Haina macho, Daktari. Ina makovu madogo madogo, yale ambayo hapo juu nimekuandikia kwamba hayahesabiki.

Mama Pasi alipoinuka kiti kikabaki wazi. Nikavua shati mbele ya watu wote. Mkwe wangu alilipangusa bega huku akitazama ukutani, na tundu la fulana hakuliona, au ameamua hakuliona, kwa sababu amelelewa vizuri. Aliniuliza kama anichome mkono wa kushoto ili wa kulia ubaki wa kazi. Nikamwambia wa kulia, ndio uliokuwa ukijisifu. Na mimi nimechukuliwa damu, kwa ajili ya miaka yote ile ya kunyonya kidole. Naogopa, nasema wazi. Nilipogeuka kuchukua shati niliwakuta waanikaji wameshapanga foleni nyuma yangu, kimya kama kawaida yao.

Kwa hiyo ombi (a) nalifuta. Muuguzi huyu asihamishwe hata kwa kupandishwa cheo. Ombi (b) limepitwa na wakati. Ombi (d) nakusihi usimwonyeshe mtu. Ombi (c) bado naliona lina hekima kidogo, lakini halina haraka. Badala yake naomba vile visanduku vya manjano viwekwe kila wodi, hata ujuzi wangu ukifa. Naomba pia glavu nene, zile za kweli, pamoja na koleo refu la kufungulia mafurushi. Kupapasa kumekwisha leo. Nimewaambia wenzangu, na nimemwambia Mzee Sabuni pia, kwa namna yangu.

Nilitaka kuichana barua hii nianze nyingine. Nimeamua niitume yote kama ilivyo, ili uone ni ndefu kiasi gani, na ujue nani alikuwa akinifanyia kazi yangu muda wote nilipokuwa nikiiandika.

Mashuka ya upasuaji yatachelewa leo. Wakikuuliza sababu, waambie mkuu wa chumba cha kufulia alikuwa anaandika barua.